Katoni Sitini na Nne

Eufrasia alijua kutengeneza michembe tangu akiwa binti. Unamenya viazi vitamu, unavikata vipande vyembamba, unaanika juani. Vikikauka, unaweka akiba. Hapa Bariadi kila nyumba inajua kazi hiyo.

Lakini safari hii michembe ya Eufrasia ilikuwa inakwenda Maskati, ng'ambo ya bahari. Abdulrazak, mwenye duka la jumla mjini, ana shemeji yake huko anayeuza vyakula. Shemeji huyo aliagiza katoni mia mbili. Katoni zingepelekwa Dar es Salaam kwa lori, ziingie kwenye kontena pamoja na mizigo ya watu wengine, kisha zisafiri kwa meli karibu wiki tatu.

Lori lingeondoka Jumanne asubuhi. Kontena lingefungwa Ijumaa.

Jumapili, baada ya ibada, Eufrasia aliingia stoo kukagua mzigo. Alifungua katoni moja, akatoa pakiti, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Ndani ya nailoni aliona matone madogo ya maji.

Alifungua ya pili. Ilikuwa kavu. Ya tatu ilikuwa na matone.

"Baba Doto," alimwita mumewe, Mayige. "Njoo uone."

Mayige aliitazama pakiti, akairudisha mahali pake. "Ni jasho tu. Litakauka njiani."

"Litakauka vipi na pakiti imefungwa?"

"Mama Doto, michembe imelisha ukoo wetu miaka yote. Haijawahi kuoza kihengeni. Leo itaoza kwa sababu imepanda meli?"

Eufrasia aliiacha katoni wazi. Alijifunga khanga, akaenda nyumba ya pili kumwita Ikupa.

Ikupa ni afisa kilimo wa halmashauri. Kwao ni Mbeya, lakini sasa ana miaka minne Bariadi. Alikuja na kifaa cha kupimia unyevu ndani ya mkoba.

"Mwadila, baba," alimsalimu Mayige kwa Kisukuma.

"Mwadila," Mayige alijibu, bila kutabasamu.

Ikupa alitwaa kipande cha michembe kutoka kwenye pakiti kavu, akakivunja. Kililia ka! Alitwaa kingine kutoka kwenye pakiti yenye matone. Kilipinda bila kuvunjika. Akapima vyote viwili.

"Hiki kina unyevu wa kumi na moja kwa mia. Hiki kina kumi na saba. Kwa safari kama hii, usizidishe kumi na mbili. Hivi vilivyopinda mlivianika lini?"

Eufrasia aliinamisha kichwa. "Wiki ile ya mvua. Tulikuwa tunakimbizana na lori."

"Lakini kihengeni haviozi," alisema Mayige.

"Kihenge cha fito kinapumua, baba. Unyevu unapata pa kutokea. Nailoni haipumui. Na kontena ni sanduku la bati. Mchana jua linalichoma, unyevu unapanda juu. Usiku bati linapoa, unyevu unageuka maji na kudondoka juu ya katoni. Humo ndani mvua inanyesha, na mlango umefungwa wiki tatu. Mkifungua mtakuta ukungu."

Eufrasia alianza kushusha katoni.

"Basi tutoe zile za wiki ya mvua," alisema Eufrasia.

"Ni zipi?" aliuliza Ikupa.

Eufrasia na mumewe walitazamana. Katoni zote zilifanana. Hakuna hata moja iliyoandikwa tarehe ya kufungashwa.

Ikawa lazima kufungua zote mia mbili. Walianza saa ile ile. Eufrasia alifungua, Mayige alivunja vipande, Ikupa alipima vile vyenye shaka. Jumatatu adhuhuri walikuwa bado wanafungua. Mikono ya Mayige ilikuwa imechubuka. Kila kipande kilipopinda, alikunja uso kana kwamba kimemtukana.

Saa tisa walimaliza. Katoni sitini na nne zilikuwa mbichi.

Mayige alifunga mlango wa stoo, akasema kwa sauti ya chini, "Tuziweke katikati. Za juu na za chini ziwe nzuri. Nani ataona?"

"Yule atakayekula ataona," alisema Eufrasia.

"Abdulrazak ametoa ahadi ya mia mbili. Tukipeleka pungufu hataagiza tena."

"Na tukipeleka ukungu ataagiza?"

Mayige aliufungua tena mlango wa stoo. Eufrasia alichukua simu.

"Bwana Abdulrazak, mzigo haujatimia. Zilizo salama ni mia moja thelathini na sita."

Abdulrazak alisikika akipekua karatasi.

"Mama Doto, unaniambia leo? Karatasi zote zimeandikwa mia mbili."

"Jana niliona matone, lakini idadi nimeijua sasa hivi. Ukinikasirikia ni haki yako. Lakini mzigo mbovu sitoi."

Ikupa aliomba simu. "Bwana Abdulrazak, shikamoo. Mwambie wakala wako wa bandarini abadilishe ankara na orodha ya mzigo leo hii. Wakaguzi wa afya ya mimea nao waandike idadi hiyo hiyo kwenye cheti. Karatasi zikitofautiana na mzigo, utazuiliwa hata kama chakula ni kizuri. Na mwombe aweke vifuko vya kunyonya unyevu. Katoni zikae juu ya chaga kavu, zisiguse ukuta wa kontena, na zifunikwe kwa juu."

Abdulrazak alivuta pumzi. "Haya. Nitamtafuta sasa hivi. Ila Mama Doto, umenitoa jasho."

Lori liliondoka Jumanne na katoni mia moja thelathini na sita.

Pakiti za zile zilizobaki walizifungua zote. Vipande vilivyokwisha kuota ukungu walivifukia. Mayige alitaka kuwapa ng'ombe, Ikupa akamkataza, kwa kuwa ukungu una sumu, na sumu hiyo hudhuru mifugo na kufika hata kwenye maziwa. Vilivyo safi walivianika upya juu ya vichanja, vikauzwa sokoni.

Wiki nne zilipita bila habari. Mayige aliacha kuuliza. Siku moja Abdulrazak alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Aliketi, akanywa maji kwanza.

"Kontena lilifunguliwa juzi," alisema. "Kulikuwa na unga wa mtu mwingine humo. Umeloa, umetupwa wote. Michembe yenu imefika mikavu. Shemeji yangu anataka mia tatu, na amesema yuko tayari kusubiri."

Eufrasia alifunika uso kwa viganja. Mayige alitoka nje.

Msimu uliofuata walijenga vichanja vyenye paa la nailoni nyeupe. Kila katoni iliandikwa tarehe na namba ya mkupuo wake wa kuanika. Mvua ilipowakuta tena katikati ya kazi, Mayige ndiye aliyepiga simu kwa Abdulrazak, kabla mkewe hajasema neno.

"Tupange meli ya mwezi ujao," alisema. "Vipande bado vinapinda."