Wali wa Kumwita Mama

Kila jioni Suri hushuka ngazi za nyumba yetu na konzi ya mchele, akawaita kuku: "Kur, kur, kur!" Nao hutoka mbio majarubani hadi miguuni pake. Mimi, bibi yake, ambaye yeye huniita Tok, huwa jikoni nakaanga samaki.

Tangu mama yake, Rokiah, aende mbali huko Johor kufanya kazi kiwandani, mtoto alibadilika. Sahani yake ilirudi tupu, lakini mashavu yalizidi kubonyea. Kuku, wao, walinenepa.

"Umekula, Suri?"

"Nimekula, Tok. Hata ukoko nimeumaliza."

Alhamisi moja kizunguzungu kilimwangusha ngazini. Nilimkimbilia, nikampapasa kichwa, nikasema maneno ya kuita tunayosema sote kijijini mtoto akishtuka: "Kur semangat! Kur semangat!"

"Hilo neno halifanyi kazi, Tok," akanong'ona. "Nimelisema siku arobaini."

"Ulikuwa unamwita nani?"

"Mama. Naenda pale basi linapopita, nasema, 'Kur semangat, Mama rudi,' halafu namwaga wali wangu wa jioni. Si hata kuku huitwa kwa mchele?"

Nikaketi ngazini. Nikampakata.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega," akajibu bila hamu.

"Nina kuku wangu asiyeonekana. Akishtuka hutoroka, na akitoroka sina nguvu."

Akafikiri. "Semangat?"

"Hiyohiyo, uhai ulio ndani yako. Wazee walisema ni mwoga kama kuku, ndiyo maana wakauita kwa mlio uleule: kur, rudi nyumbani. Sasa niambie, ukiwaita kuku wetu, wa jirani yetu Mak Jah huja?"

"Huja, Tok! Wezi wale!"

"Haya, na wanalala wapi?"

"Kwao."

"Basi, kila kuku hurudi kwao. Semangat ya mama yako iko naye hukohuko. Iliyopotea ni yako. Imesimama barabarani inamngoja."

Machozi yakamtoka. "Mbona hukuniambia unamkumbuka?" nikamuuliza.

"Ungelia na wewe."

Alisema kweli. Tukampigia Rokiah simu.

"Mama, nilikuwa sili," Suri akasema. "Nilimdanganya Tok."

Rokiah akamjibu: "Siwezi kuja kabla ya Sikukuu, mwanangu. Nikija, nataka nikukute mzima. Haya, sikiliza: kur semangat, Suri. Rudi, mwanangu. Rudi."

Suri alivuta sahani, akala mbele yangu, simu ikiwa bado sikioni ili mama yake amsikie akitafuna.

Alipomaliza nikamwambia, "Kumkumbuka mama si kosa, mjukuu wangu. Kosa lilikuwa kunificha na kuunyima mwili wako chakula. Hamu ikikujia, niambie. Tutamkumbuka sote wawili."

Siku hizi bado huenda kutazama basi likipita. Lakini sasa hutoka ameshiba, tena ameushika mkono wangu.