Majani ya Chai Hayafanani

Masoud anauza chai Msata, karibu na njia panda ya Bagamoyo. Kibanda kilikuwa cha mkewe, Ashatu. Ashatu alifariki wakati wa mvua za vuli. Ilipopita arobaini, Masoud aliwasha jiko mwenyewe. Yeye na binti yake Naila hawakuwa na riziki nyingine.

Maji yalikuwa yaleyale, na tangawizi ileile. Lakini chai haikunyweka.

Asubuhi moja Hamidu, dereva wa lori, alipiga mafunda mawili, akarudisha kikombe.

"Usiudhike, ndugu yangu," alisema. "Hii siyo chai ya marehemu."

"Najua," alijibu Masoud.

Hamidu hakuonekana tena. Wenzake nao wakapotea mmoja mmoja. Masoud aliongeza majani, chai ikawa chungu zaidi. Alikaa kutwa akitazama viti vitupu.

"Mama yako alikwenda na mkono wake," alimwambia Naila. "Mimi sina mkono. Kesho nafunga. Hata mabirika tutayauza."

Naila alilia tu.

Alasiri jirani yao Gertruda alipiga hodi. Watu humwita Mama Angela. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha chai kwenye milima ya Usambara.

"Nasikia unafunga, Baba Naila. Kwanza nionyeshe majani yako."

Masoud alileta mfuko wa karatasi. Majani hayo aliyanunua sokoni, yakipimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi. Mama Angela aliyamwaga kwenye sahani nyeupe.

"Hivi vya kahawia ni vijiti na nyuzi," alisema. "Majani mazuri ni meusi, tena yamelingana. Haya, nusa."

Masoud alinusa. "Yananuka dagaa!"

"Gunia lilikaa karibu na dagaa. Chai hunyonya harufu upesi, na unyevu pia."

Kisha akatia majani kidogo kwenye maji baridi. Mara maji yakawa mekundu.

"Majani safi hutoa rangi polepole kwenye maji baridi," alisema. "Haya nadhani yametiwa rangi. Pengine yalikwisha kuchemshwa mahali. Yatupe."

"Mimi nilidhani kosa ni kununua majani ya vumbi."

"Hapana. Vumbi ni jina la daraja. Kiwandani, majani yakishakauka huchekechwa. Yapo makubwa, yapo yaliyovunjika, zipo chembe, na mwisho vumbi. Daraja linakuambia ukubwa tu. Vumbi safi hutoa chai nzito haraka, linafaa kibandani. Majani makubwa hutaka muda zaidi. Kila daraja lina zuri na baya. Kwa hiyo kiwandani wapo waonjaji. Hutazama rangi, hunusa, kisha huonja."

Masoud akauliza, "Ashatu alikuwa anayajua haya?"

"Kila aliponunua majani mapya aliniletea tuyaangalie pamoja."

Masoud aliinamisha kichwa. Miaka ishirini na miwili alikunywa chai ile. Hakumwuliza mkewe hata siku moja anaipikaje.

Kesho yake hakufunga. Alinunua pakiti iliyofungwa vizuri, yenye jina la kiwanda na tarehe. Majani akayatia kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na viungo. Chai ilitoka nyekundu, inang'aa, na harufu yake ilifika barabarani.

Baada ya wiki Hamidu alisimama. Alikunywa kikombe kimoja, akaomba cha pili. Wengine wakafuata, ingawa si wote.

"Baba, wamerudi!" alisema Naila.

"Wamerudi," alisema Masoud. Sauti yake haikuwa na furaha. Alitamani sana Ashatu aionje chai ile, lakini hakuwepo.

Akafuta macho, akavuta kiti.

"Kaa hapa, mwanangu. Nikufundishe kuchagua majani leo hii, maadamu nipo."