Kalulu wa Ngoma ya Shaba

Foleni ya unga ilikuwa imefika saa tano bila kusogea hata hatua moja, na watu walikuwa wameanza kunukiana. Mbele ya ghala ulipita mtaro wa maji ya kijani, panya mmoja ameelea tumbo juu, na hakuna aliyejisumbua kumtoa. Lubumbashi ya mwaka ule ilikuwa hivyo. Mishahara hailipwi, unga haupatikani, uchafu ndio peke yake ulikuwa hauadimiki.

Léonie Ngalula alisimama mkiani, amevaa gauni la njano alilolishona mwenyewe, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Mlango wa ghala ulipofunguliwa watu wakarundikana kama wendawazimu. Yeye hakusukumana na mtu. Alipandisha gauni, akaruka mtaro pamoja na panya wake, akatua wa tatu mlangoni.

"Ee! Angalia kalulu huyu!" sauti ya kiume ikacheka nyuma yake. "Ameruka, ata askari hakumuona!"

"Unaita nani kalulu?"

"Weye. Kwetu Kipushi kila mutoto anamujua sungura kalulu. Mudogo, mujanja, na habamukamataka."

"Na weye njo nani, tembo?"

"Miye Paulin. Minapigaka guitare. Chérie, beba na mufuko yangu, utaniletea unga."

"Leta. Mais kama hii jina Paulin haina yako, bukari ya ule unga yote nitakula miye peke yangu."

Jina lilikuwa lake. Paulin Chola, mtoto wa mchimbaji mwenyeji wa mkoa huo, alikuwa akiimba katika orchestra ya Bwana Anselme. Guitare ilikuwa ya Anselme, maikrofoni za Anselme, hata koti la kumetameta alilovaa jukwaani lilikuwa la Anselme, kwa sababu mjini mwenye vyombo ndiye mwenye muziki. Léonie aliuza dawa katika pharmacie moja karibu na posta. Baba yake, Mluba wa Kasai, alifia kazini kwenye reli. Mama yake, Mama Constance, alibaki naye mtaa wa Katuba, katika nyumba ile ile aliyomzalia. Kasai yenyewe Léonie hakuwahi kuiona, hata kwenye picha.

Simu ya pharmacie ikaanza kulia kila siku saa nne.

"Allô, pharmacie."

"Docteur, niko na maladie."

"Inauma wapi?"

"Kwa roho. Inarukaruka kama kalulu."

"Dawa iko. Ni sindano, na iko mukubwa."

"Nipige tu, chérie. Nitafunga macho."

"Paulin, kata simu, bosi anakuya!"

Miezi mitatu baadaye akamtungia wimbo, *Kalulu*. Kiitikio chake hata mtoto angekishika: "Kalulu yangu, usiende mbali." Redio ikaupiga, mabaa yakaupiga, na Léonie akawa anapima dawa huku akijichekea.

Kisha yakaja yale ya kutapisha. Wanasiasa walisimama kwenye redio hiyo hiyo wakawaita watu wa Kasai bilulu. Kilulu ni mdudu. Watu waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, wakawa wadudu kati ya Jumatatu na Jumanne. Vijana wa chama chao wakaanza kuchora alama kwenye milango ya watu hao. Agnès, jirani aliyekula Noeli ishirini mezani kwa Mama Constance, alikuja na kamba akapima mapazia ya dirisha la sebule.

"Unapima nini, Mama Agnès?"

"Bya bure tu, mama. Naangalia kama rideaux yako itaenea kwangu."

Alisema hivyo akitabasamu, na mkononi bado ameshika kipande cha mkate aliopewa humo ndani.

Na katika uozo huo, waliandaa sherehe. Kila mwaka mji ulitoa tuzo za muziki ziitwazo Ngoma ya Shaba, na mwaka ule pia, wakati treni zinabeba watu waliofukuzwa kwenda Kasai, mabwana wakubwa walipiga pasi suti zao wakaenda kushangilia. Paulin alimletea Léonie mwaliko.

"Usiende," Mama Constance alisema.

"Mama, ni wimbo yangu."

Akavaa gauni lake la njano, akaketi mstari wa tatu. Ilikuwa saa tisa mchana na ukumbi ulikuwa tanuru. Marashi, jasho na mikojo ya ukutani vilichanganyika mpaka koo likawasha. Orchestra bora ilikuwa ile inayopiga kwenye mikutano ya chama. Mwimbaji bora wa kike alikuwa mpwa wa rais wa jury ya waamuzi, ambaye ukumbi mzima uliulizana ni nani. Rais mwenyewe alisinzia, mdomo wazi. Pembeni yake Bwana Anselme alitafuna paja la kuku, akapangusa vidole kwenye kitambaa cha meza, kisha kwa vidole hivyo hivyo akashika karatasi ya washindi, akasoma.

"Wimbo bora ya mwaka: *Kalulu*!"

Paulin alipanda na koti lake la kumetameta, akamtafuta Léonie kwa macho, akampata, akamkonyezea jicho. Akaimba ubeti wa kwanza vizuri kuliko siku zote. Kikafika kiitikio. Waitikiaji watatu waliokuwa nyuma yake, leo wamefunga skafu za chama shingoni, wakafungua vinywa:

"Kilulu, ondoka, wende mbali!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Watu wakasimama, wakaanza kupiga visigino sakafuni kwa mapigo ya wimbo, kama wanaponda mende. Wanawake wenye hereni, wababa wenye tai, wote wakaponda. Paulin alifunga kinywa, rangi imempotea. Lakini vidole vyake viliendelea kwenye nyuzi, na wimbo ukafika mwisho. Anselme akamkumbatia kwa mikono yake ya mafuta, akamkabidhi ngoma ndogo ya tuzo. Paulin akaipokea.

Mstari wa tatu kiti kimoja kilikuwa kitupu.

Kesho yake simu ililia saa nne.

"Maneno ile uliandika siku gani, Paulin?"

"Haina miye! Anselme njo alibafundisha, miye sikuyua. Kinywa yangu nilifunga, chérie. Haukuona?"

Léonie alimwamini. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Niliona. Kinywa ilifunga. Na mikono?"

"Mikono gani?"

"Yako. Banatuponda, na weye unabapigia guitare."

"Guitare haina yangu, Léonie..."

"Na mikono njo ya Anselme?"

Léonie akakata simu. Siku ya nne vijana walifika Katuba, wakatoa kitanda cha Mama Constance uani, wakatoa masufuria, wakatoa picha ya marehemu. Walifanya kazi hiyo wakiimba, na wimbo walioimba ulikuwa ule. Kabla ya saa sita Léonie na mama yake walikuwa wamepelekwa stesheni, na rideaux zilikuwa zimekwisha kuning'inia kwa Agnès, na zilimuenea.

Paulin aliposikia alikwenda kwa Anselme. Akavua koti, akalaza guitare mezani.

"Utakula nini?" Anselme alimuuliza, akichokoa meno. "Minakupangia tournée ya miji yote, unaniletea bilio na machozi? Mwanamuke iko mingi!"

Paulin aliitazama ile ngoma ya tuzo kwapani mwake, akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka, chini yake ukatokea mkebe wa maziwa ya unga. Mji mzima umekaa juu ya shaba, na walishindwa kutoa hata kipande cha kweli. Alicheka, akatoka nayo.

Stesheni ilinuka kabla hujaiona. Mamia ya watu walikuwa wamelala, wengine wiki tatu sasa, kati ya reli, juu ya magodoro, pamoja na kuku, wagonjwa na kinyesi. Alizunguka mpaka akaliona gauni la njano, sasa rangi ya matope.

"Umekuya kutupigia?" Léonie aliuliza bila kumtazama.

"Sina guitare tena."

"Na hii nini?"

"Ngoma ya Shaba. Ni mukebe tu."

Mama Constance akauchukua, akaugeuza, akatazama kama unavuja. "Itachemusha maji," akasema, akauweka juu ya makaa.

Treni ilipoingia, watu wakapanda kama walivyoweza. Léonie alimpandisha mama yake, akapanda naye. Paulin akaweka mguu kwenye ngazi. Vijana wa chama walikuwa wamesimama mlangoni wakihesabu vichwa kwa kejeli.

"Tiens, vedette ya redio!" mmoja akapiga makofi. "Hii haina train yako, vieux. Ni ya bilulu. Mais tuimbie kwanza! Imba *Kilulu*!"

Wakaanza kupiga visigino. Léonie alisimama mlangoni akimwangalia mikono, siyo uso. Paulin aliishusha mikono yake, ikaning'inia.

"Siimbi," akasema. "Miye njo kilulu."

"Unacheka?"

"Baba yangu kilulu, mama yangu kilulu. Nipishe, train ni yangu."

Mate ya kwanza yalimpata shavuni, ya pili kwenye shati. Wakamsukuma ndani kwa mateke, maana sasa hakuwa na thamani kwao. Treni ikagutuka, ikaanza kuondoka.

"Kule tunaenda, miye sijuake muntu," alisema, akihema.

"Ata miye," Léonie akajibu. "Sijakufikaka."

"Basi unikubali, nikuowe. Tutapotea pamoja."

Léonie akashika pindo la gauni lake la njano, akatafuta sehemu iliyobaki safi, akampangusa mate shavuni taratibu.

"Sogea kwa mama, ukae," akasema. "Kilulu yangu."