Mdomo Umeshonwa, Kaakaa Bado

Kila asubuhi Dorine anapanga makaa ya kuuza mbele ya nyumba yake, mtaa wa Hewa Bora. Mume wake, Donat, anachomelea milango ya chuma kando ya barabara. Mtoto wao anaitwa Syntiche. Ana miezi minane.

Mimi ni Clotilde, jirani yao. Kituo cha afya kilinifundisha kupita nyumba kwa nyumba, kupima watoto na kuzungumza na mama zao. Watu wanasema nina mdomo mkali. Ni kweli.

Syntiche alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka. Kaakaa lake pia lilikuwa wazi. Kaakaa ni dari ya kinywa, pale ulimi unapogusa ukiupandisha juu. Alipofika miezi mitano, daktari alishona mdomo. Aliwaambia wazazi: "Kaakaa tutalishona akifika mwaka mmoja, kama ana uzito mzuri." Akawapa karatasi ya siku ya kurudi.

Mdomo ulipona vizuri sana. Jumapili moja Donat alisimama kanisani kufanya action de grâce, yaani kutoa shukrani mbele ya watu wote. Alimwinua mtoto juu. "Mungu alishamaliza kazi!" akasema. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu. Leo najionea aibu.

Baadaye nilikwenda Sakania kumuuguza dada yangu. Nilikaa miezi miwili. Niliporudi, nilipeleka mizani kwa Dorine. Kabla ya safari, Syntiche alikuwa na kilo sita. Sasa alikuwa na kilo tano na nusu. Nikapima tena. Tano na nusu. Hasira ikanipanda.

"Mama Syntiche, mutoto anakulaka nini?"

"Maziba, Mama Clotilde. Minaikamua. Na bouillie, uji kidogo."

"Mara ngapi?"

Dorine alitazama chini. "Kama bageni habako."

Sikuelewa. Nikamwambia aseme wazi.

"Maziba inatokaka mu pua," akasema polepole. "Bantu bakiona, batasema nini? Papa Syntiche alishasema mu kanisa kama iko muzima. Basi bageni bakiingia, minaacha kumukulisha. Na siku ya Mungu, minamungojesha mpaka tunarudia ku nyumba."

"Munarudiaka saa ngapi?"

"Saa nane."

Saa nane mchana! Mtoto mchanga anashinda na njaa tangu alfajiri, ili watu wazima wasione aibu!

"Na kama maziba inatoka mu pua, unafanyaka nini?"

"Minamulalisha, ju isitoke."

Mtoto mwenye kaakaa wazi akilishwa amelala, maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Anaweza kufa mikononi mwa mama yake.

Wakati huo Donat aliingia kula. Sikumpa hata nafasi ya kunawa mikono.

"Papa Syntiche, karatasi ya dokta iko wapi?"

"Ile ilikuwa kabla ya action de grâce," akajibu. "Nikirudia ku lopitalo, bantu batasema nilisema bongo, uongo, mbele ya Mungu."

"Weye unafanyaka soudure, unachomelea chuma. Kama unafunga tanki ya mayi inje, na ndani iko tundu, unaambia mwenye tanki kama ilishaisha?"

"Hapana. Mayi itamwangika."

"Basi fungula kinwa ya mutoto wako. Angalia!"

Donat alimchukua Syntiche. Mtoto alikuwa mwepesi, na ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea. Akatazama ndani ya kinywa chake. Tundu lilikuwa pale pale, refu, jekundu.

"Mungu hakukutuma umufungie mutoto chakula," nikamwambia. "Ni haya yako njo inamuua."

Dorine alianza kulia.

"Bantu banasema ni miye nilileta ile," akasema. "Ju nilichekaka muntu wa mudomo ya kupasuka wakati wa mimba."

"Bongo! Inafikaka mutoto akiwa mu tumbo, na haina kosa yako. Panguza machozi, ulete kikombe."

Nilimkalisha mtoto wima kwenye mapaja yangu, nikamshika kichwa. Nikampa maziwa kidogo kwa kikombe kidogo. Nikangoja ameze, kisha nikampa tena. Maziwa yakatoka puani.

"Munaona?" nikasema. "Kama anaikala wima, haiko hatari. Unaacha kidogo, anakohoa, unapanguza, unaendelea. Kila mara unamubeba ku bega, atoe hewa ya tumbo. Akimaliza, anabakia wima nusu saa."

"Na tundu, niizibe na coton, pamba?" Dorine akauliza.

"Hata siku moja! Atapaliwa. Unamupa mayi kidogo, ya kuchemusha na kupoza, ju kinwa ibakie safi. Bouillie ikuwe laini, bila madonge. Na kama anavuta-vuta masikio, ao usaha inatoka, unamupeleka mbio. Batoto ba vile banagonjwaka masikio."

Mchana ule ule tulikwenda kituo cha afya, kwa sababu mtoto anayepungua uzito hangoji kesho. Muuguzi alimpima. Akasema arudi kila wiki. Alisema pia kwamba daktari hawezi kumpasua mtoto dhaifu hivi. Donat alisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata aliomba maikrofoni kanisani.

"Nilisema Mungu alishamaliza," akasema. "Ni miye nilienda mbio kumupita. Mudomo ilishonwa, ndani bado. Ju ya haya yangu, mutoto alishindaka njala hapa, mbele yenu."

Dorine alikaa kwenye benchi la mbele, akamkalisha Syntiche wima, akatoa kikombe. Maziwa yakatoka puani. Wengine waligeuza uso. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Aibu gani hii?"

Nikageuka. "Aibu ni njala ya mutoto," nikamwambia. "Kama unapenda kusaidia, leta kitambaa."

Alileta, lazima niseme. Donat akampanguza mtoto pua, na Dorine akaendelea kumlisha mpaka kikombe kikaisha.

Tangu siku hiyo Syntiche alikula penye makaa, kanisani, mbele ya mgeni yeyote. Baada ya miezi mitatu alikuwa na kilo saba na gramu mia mbili. Alipofika miezi kumi na tatu, alikuwa na kilo nane. Daktari akalishona kaakaa.

Waliporudi nyumbani, watu walijaa uani. Wote walikuwa na swali moja.

"Papa Syntiche, action de grâce ni siku gani?"

"Bado," Donat akasema. "Sasa anaanza kujifunza kusema. Siku atajua, yeye mwenyewe atasimama mu kanisa. Atasema kama ilishaisha. Hapana miye."

Wageni wakatazamana. Mmoja akaanza kuaga, maana alimwona Dorine ameshika kikombe cha uji mwepesi, akaona asisumbue mlo wa mtoto.

"Unaenda wapi?" Dorine akamwuliza. "Ikala chini. Mutoto iko nakula."