Leseni ya Bwana Krantz

"Kifaranga hajalia siku mbili."

Sauti ya Nairobi ilisema hivyo tu. Simu ikakatika.

Oyoo alibaki ameshika mkonga wa simu pale posta ya Kisii, jasho likimtoka makwapani. Kifaranga ni Persis, mpishi katika nyumba ya mgeni mmoja huko Nyansiongo, binti wa Kigusii aliyekuwa akiwaletea habari kwa vikaratasi alivyoficha kwenye makopo ya maziwa. Kama hajaandika siku mbili, basi ameshikwa. Au wameshamuua.

Msidanganywe na hadithi za majasusi wasiojua woga. Huyu wetu, karani wa posta machoni pa watu na jasusi wa serikali kwa siri, alikwenda chooni mara mbili kabla ya kuwasha pikipiki.

Pikipiki ya BSA. Bastola ya Webley ndani ya mkoba wa mafaili, risasi sita. Na fomu.

Mwaka ulikuwa 1947. Krantz, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa amekodi nyumba ya setla pale Nyansiongo na kufunga mtambo wa redio. Eti anajifurahisha tu, anasalimiana na wenzake duniani. Uongo mtupu! Kwa mtambo ule angeliita lori la bunduki lililojificha karibu na Masimba. Ila leseni ya kwao iliishia mpakani. Hapa ilimbidi aombe ya Kenya, yenye herufi za mwito VQ4, na mpaka aipate haruhusiwi kurusha hata nukta moja. Alikuwa ameomba, maana hakutaka kutiliwa shaka.

Polisi wakivamia, wa kwanza kufa ni Persis. Lakini karani mwenye fomu, nani anamwogopa?

Saa kumi na moja jioni Oyoo alibisha hodi.

Krantz alitokea mlangoni, mrefu, bastola kiunoni. Kiswahili chake kilikuwa safi, alikuwa amejifunzia Tanganyika.

"Postamasta yuko wapi?"

"Ana malaria, bwana. Amenituma mimi na barua."

Krantz aliisoma, akacheka. "Karani ndiye atakayenipa mtihani?"

"Ndiyo sheria ya wageni, bwana. Kwanza nione watu wote wanaokaa na mtambo."

Krantz akaita. Mwanamke akaingia na aproni yake.

"Persis, mpishi wangu. Hakuna mwingine."

Moyo wa Oyoo uliruka kwa furaha. Yu hai! Hakuwahi kumwona uso, alimjua kwa mwandiko tu. Neno lao la siri likamfika ulimini. Akalimeza kwa woga. Miaka mitano kwenye dirisha la stempu ilikuwa imemfundisha Ekegusii cha kutosha, basi akamsalimu kama anavyosalimiwa kila mtu jua likishuka.

"Bwairire buya, dada."

"Bwakire buya," mwanamke akajibu, akitabasamu.

Oyoo akainamia fomu.

Bwakire ni salamu ya asubuhi. Hakuna binti wa Kigusii, awe mlevi, awe mgonjwa, atakayekuambia kumekucha wakati ng'ombe wanarudi zizini. Huyu alikuwa amekariri salamu moja tu, pengine kwa wakamuaji wa alfajiri. Ulikuwa mtego, na Krantz alikuwa akimkodolea macho, gumba likicheza kwenye mkanda.

"Weka dole hapa, dada," Oyoo alisema, sauti ikamtoka kama si yake.

Mwanamke akaweka dole kwenye fomu, akatumwa jikoni kupika chai.

"Sasa Morse, bwana. Maneno kumi na mawili kwa dakika. Mimi nabonyeza, wewe unaandika."

Akatoa kibonyezo, betri na visikizio. Krantz akaketi akitazama ukuta, mbele ya mtambo wake wa Hallicrafters, akavaa visikizio na kushika penseli.

"Haraka, karani."

Oyoo akasimama nyuma yake. Mkono wa kulia ukaanza kubonyeza. Wa kushoto ukaingia mkobani.

Mtu aliyezoea Morse haulizi maana, anaandika tu herufi kama zijavyo.

P. E. R. S. I. S.

Penseli ikasita. Lakini milio ilikuwa bado inakuja, na mazoea yana nguvu.

Y. U. K. O. W. A. P. I.

Krantz akakoma. Akasoma alichokiandika mwenyewe. Mdomo wa Webley ulikuwa umeshamgusa kisogoni.

"Usigeuke. Naogopa sana, bwana, na kidole changu kiko kwenye kifyatulio."

Oyoo akausukuma mdomo wa bastola.

"Yuko wapi?"

"Ghala la mahindi. Yu hai. Nilitaka amtaje aliyemtuma."

"Amemtaja?"

"Hajasema neno."

Oyoo alimchomoa bastola kiunoni. "Sasa liite lori. Kwa mkono wako, wanajua unavyobonyeza. Waje Keroka, njia ni nyeupe. Nasikia kila herufi."

"Sina leseni," Krantz akakejeli.

"Nimekuruhusu. Mara moja tu."

Krantz akarusha. Alipomaliza, mwanamke aliingia na sinia, akaona Webley, vikombe vikaanguka vyote.

"Kaa chini, dada. Pale kando ya bwana."

Aliwafunga wote wawili kwa waya wa antena, akaunyanyua mkonga wa simu ya ukutani. "Ombati, lori linakuja Keroka." Sajenti Ombati alikuwa akisubiri huko na askari ishirini. Oyoo hakungoja jibu. Alikimbia ghalani, akavunja kufuli kwa jembe.

Persis alikuwa kwenye kona, kamba za mkonge mikononi, midomo imepasuka. Alipomwona mwanamume mlangoni alijibana ukutani.

"Kifaranga," Oyoo alinong'ona.

Persis akaangua kilio. Kisha akakasirika.

"Ndugu yangu, mbona umekawia hivyo?"

"Nilikuwa najaza fomu."

Saa moja baadaye, wakiwa wamerudi nyumbani, simu ya ukutani ililia wakati Persis akinywa maji.

"Lori?" Oyoo aliuliza.

"Tumelinasa," alisema Ombati. "Bunduki mia mbili. Hakuna aliyefyatua. Nakuja kuwachukua wako."

"Sawa."

Baada ya nusu saa askari waliwapakia Krantz na mwanamke wake kwenye gari. Oyoo alivaa kofia, akaufunga mkoba, akatembea taratibu hadi kwenye pikipiki bila kugeuka nyuma. Askari walimtazama kwa heshima.

Akapiga kiki. Mguu ukakosa nguvu. Akapiga tena, injini ikakohoa tu. Mara ya tatu akabaki ameinamia usukani, anahema.

Persis alimsogeza kando bila kusema kitu. Akapandisha sketi, akapiga kiki moja, na BSA ikanguruma.

"Panda nyuma," akasema. "Nishike vizuri."