Balozi na Mkalimani Wake

Siku walipokutana, Mheshimiwa alikuwa amenasa kwenye ngazi za ukumbi wa mikutano, kisigino cha kiatu chake kimezama kwenye tundu la wavu wa chuma. Watu wanapita na mafaili yao, kila mmoja anamwamkia, hakuna anayeinama. Alikuwa mbunge wa muhula wa kwanza, nesi wa zamani aliyepanda kupitia chama cha wauguzi, na suti yake ya rangi ya zabibu alishonewa na shangazi yake kwa kubahatisha vipimo.

"Vua kiatu," mwanaume mmoja alimwambia.

"Nivue kiatu mbele ya mabalozi?"

"Basi kaa hapo hapo mpaka mkutano ujao. Nadhani ni mwezi wa tisa."

Akacheka bila kupenda. Yule bwana, mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi sawasawa, akapiga goti, akakichomoa kiatu na kumkabidhi kwa mikono miwili. Kumbe ndiye mkalimani. Mchana ule ule alisimama nyuma ya bega lake na kuyageuza maneno yake kuwa lugha ya wageni. Mheshimiwa, ambaye lugha ile hakuijua hata salamu, aliona watu wazima wakiinua vichwa na kuandika. Bungeni alizoea kuzomewa. Kabla jua halijazama alikuwa ameshampenda, na wala hakujidanganya moyoni mwake kuhusu hilo.

Wakapendana miaka minne, kwa siri. Mheshimiwa alimwita mkalimani Kasuku, naye mkalimani akamwita Nesi.

"Kasuku, umekula?" angempigia simu kutoka korido za bunge.

"Sijala. Kuna mtu aliniambia anakuja saa saba. Sasa hivi saa tisa."

"Kamati imechelewa, mpenzi."

"Hiyo kamati ingekuwa mwanaume ningeshapigana nayo. Nesi, mama anauliza lini atakuona. Nimemaliza uongo wote ninaoujua."

"Mwambie nikishapata unaibu waziri."

Unaibu waziri akaupata. "Mwambie nikishapata ubalozi," akasema.

Tumtendee haki kidogo. Wabunge wenzake wanaume walikuwa na nyumba ndogo mbili mbili na hakuna aliyewauliza. Yeye mchumba mmoja tu wa halali angetosha kuandikwa magazetini wiki nzima. Lakini Kasuku hakutaka makubwa. Alitaka jambo moja: siku moja, mchana kweupe, mbele za watu, Nesi aseme huyu ni wangu. Jambo hilo moja ndilo lililomshinda mwanamke aliyeshinda chaguzi mbili.

Halafu yakaja mazungumzo ya reli ya mpakani. Mheshimiwa aliongoza ujumbe, Waziri ameketi kulia kwake, na kila mtu alijua Waziri ndiye anayepeleka juu majina ya mabalozi wapya. Siku ya tatu, mkuu wa ujumbe wa pili, mzee mmoja mwenye tai pana, aliona amebanwa. Akamtazama Mheshimiwa, akamtazama mkalimani, akatabasamu na kusema neno. Mkalimani akalitafsiri lote.

"Nasikia mkalimani wako analala kwako. Sasa nijue, masharti haya ni ya serikali au ya kitandani?"

Waziri akaacha kuandika.

"Huyu?" Mheshimiwa akacheka, kicheko kizuri kabisa. "Huyu kasuku tu. Nikimaliza kazi naye namfunika kitambaa asinipigie kelele. Mimi nilale na kasuku?"

Kazi ya ukalimani ina sheria moja: mkalimani hasemi "amesema", husema "mimi". Anakuwa yule anayemsemea. Basi Kasuku, kwa kinywa chake mwenyewe, akawaambia wageni kwamba mkalimani wangu ni kasuku tu, kwamba namfunika kitambaa, kwamba siwezi kulala naye. Hakupunguza neno. Hata kituo cha kungojea watu wacheke alikiweka mahali pake. Meza nzima ikacheka, mzee wa tai akiwamo. Mkataba ukasainiwa siku hiyo, na wiki mbili baadaye jina la Mheshimiwa likatangazwa: Balozi.

"Kasuku, ile ilikuwa siasa," alimwambia kwenye simu.

"Usiniite hivyo tena."

"Ningesema nini mbele ya Waziri?"

"Hata kukohoa ungekohoa."

"Lakini unajua ninavyokupenda."

"Mimi najua, ndiyo. Mwingine anayejua ni nani?"

Akakata simu, na kwa wiki tatu hakupokea tena. Balozi mteule alikonda mpaka sketi zikamzunguka. Alimlilia shangazi yake jikoni, na shangazi, mwanamke asiyebembeleza mtu, akaendelea kumenya viazi.

"Ulimkana mbele za watu, mwanangu. Kamwombe mbele za watu. Kulia huku jikoni kwangu unanilowesha viazi tu."

Maneno yakamwingia. Wizara ilikuwa imemwandalia chakula cha mchana cha kumuaga, na wageni wa nje wamealikwa. Akaomba mkalimani awe yule yule. Naye akaja, kwa sababu ni kazi, ndivyo alivyosema, na shati lake jeupe na daftari lake dogo.

Balozi alivaa gauni la kijani na hereni ndogo za lulu. Alisema sentensi, akanyamaza, mkalimani akaitafsiri; akasema nyingine. Alishukuru wote wa kushukuriwa. Kisha akaweka karatasi chini.

"Kuna mtu nilimkosea katika mazungumzo ya reli. Nilimwita kasuku ili watu wacheke. Ninampenda mtu huyo miaka minne sasa, na amesimama nyuma yangu."

Sauti ya mkalimani haikuyumba. Wageni wakageuka kutazamana. Balozi naye akageuka, akamtazama usoni.

"Utanioa?"

Mkalimani akawaelekea wageni, akawatafsiria swali. Kisha akanyamaza.

Kijiko kikagonga sahani. Waziri akapandisha nyusi. Mwanamke aliyesimama bungeni akizomewa na wanaume mia, mguu wake haukusogea, alishindwa kustahimili kimya cha sekunde tatu.

"Natania, jamani," akasema kwenye kipaza sauti, akicheka kile kicheko chake. "Mimi nimeshaolewa na kazi."

Mdomo wa mkalimani ulikuwa umeshafunguka. Ukafungika. Ukafunguka tena, ukatafsiri. Makofi yakapigwa, vicheko vikazunguka meza, na Waziri akapumua.

Balozi alimkuta kwenye korido, akisaini karatasi ya kazi.

"Hukunijibu," alimwambia kwa hasira iliyojaa machozi. "Umeniacha nimesimama pale kama mti."

"Nikishasema maneno ya mtu, navuta pumzi kwanza ndipo niseme yangu, watu wasichanganye. Miaka minne umenisikia nikifanya hivyo."

"Ulitaka kusema nini?"

"Ndiyo."

Alilitamka kama mtu anayetaja saa. Balozi akamshika mkono wa shati. "Basi sema sasa. Narudi ndani hivi hivi, nawaambia wote."

"Utawaambia, na mtu mmoja atacheka, na utasema unatania."

Mlango wa ukumbi ukafunguka, akatoka mama mmoja mnene, amevaa gauni jipya lenye mikunjo ya dukani, anapangusa macho kwa kucheka.

"Mheshimiwa, una utani wewe," akasema, akimpa Balozi mkono. "Umenitania mwanangu mpaka moyo umenipaa. Nikajua kweli." Kisha akamgeukia mkalimani. "Haya baba, umenitafutia kadi ya mwaliko, ukaniambia leo utanionyesha mchumba wako, yuko humu ndani. Ni yupi?"

Mkono wa Balozi ulikuwa bado umo kwenye mkono wa yule mama.

"Hajaja, mama," mkalimani akajibu. "Twende nyumbani."