Nje ya Nguvukazi

Mkanda wa mkoba wa binti wa gauni la samawati ulikatika katikati ya soko, wakati ambapo hata sindano ingekosa pa kuangukia. Lakini mkoba haukufika chini. Ulidakwa na Mkasi.

Mkasi lilikuwa jina la kazi. Alikuwa mkata ngozi kiwanda cha mikoba, hadi kiwanda kilipofungwa. Likabaki jina, na sindano yenye uzi wa nta aliyotembea nayo mfukoni kama wenzake wanavyotembea na chanuo.

"Leta nikushonee, dada."

Alishona polepole mno, watu wakimpiga vikumbo, maneno yakiwa mengi kuliko uzi.

"Nikulipe ngapi, fundi?"

"Hela yako sitaki. Nipe namba ya simu."

"Ghali hiyo!" Akacheka. Akalipa.

Simu zikaanza.

"Umekula, fundi wangu?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Muongo! Nasikia unatafuna."

Akiulizwa anafanya kazi gani siku hizi, Mkasi alijibu, "Nipo nipo tu," akageuza mazungumzo.

Wiki iliyofuata hodi ikapigwa nyumbani kwa dada yake, alikohamia baada ya kiwanda kufa. Mlangoni alisimama binti yule yule, amevaa kizibao cha ofisi ya takwimu, kishikwambi mkononi. Nyumba ile ilikuwa imechaguliwa kwa utafiti wa ajira, na mdadisi wake ndiye yeye.

"Wiki iliyopita," akasoma akijikaza asitabasamu, "ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja?"

"Hapana."

"Wiki nne zilizopita, umetafuta kazi?"

Mkasi akatazama vidole vyake. "Nilitafuta mpaka nikachoka. Nimeacha."

Dada mtu akachungulia kioo cha kishikwambi. "Umemwandika hana ajira?"

"Hapana, dada. Kwetu, asiye na ajira ni yule asiye na kazi, anaitafuta, na yuko tayari kuianza. Huyu hatafuti. Yuko nje ya nguvukazi."

Dada akaangua kicheko. "Jamani mdogo wangu! Hata kwenye ukosefu wa kazi umekosa nafasi!"

Mkasi akatoka bila kuaga, akazima simu. Ikazimika siku, ikazimika wiki. Mwishowe binti akapiga simu ya dada.

"Mpe, dada yangu. Hata kwa kumshika sikio."

"Umeniona takataka," Mkasi akanung'unika.

"Nimeandika ulichosema. Ungepokea hela yangu ya mkanda, ningekuandika umeajiriwa. Ulishona saa nzima, tena kwa makusudi!"

"Mkanda mmoja ndiyo ajira?"

"Kwa hesabu zetu, ndiyo. Tumbo lako sijui litasemaje." Sauti ikashuka. "Mpenzi, mikono yako haikufungwa pamoja na kiwanda. Uliyechoka kubisha hodi ni wewe."

Mkasi akacheka, hasira ikayeyuka kama nta kwenye uzi wake. Asubuhi akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akaanza kubisha hodi karakana moja baada ya nyingine.

Nyumba za utafiti hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mdadisi akarudi, gauni la samawati chini ya kizibao.

"Umetafuta kazi?"

"Mpaka soli imetoboka. Jumatatu fundi mmoja wa mikoba ananijaribu."

"Basi sasa huna ajira. Hongera!"

"Hongera ya ukosefu?" dada akashangaa.

"Ndiyo, dada. Watu wakirudi kutafuta, kiwango cha ukosefu wa ajira huweza kupanda. Redio italia, mimi nitajua kuna aliyerudisha matumaini."

Mkasi akasogeza kiti. "Hujaniuliza kama natafuta mke."

Binti akanyoosha mgongo kikazi. "Umechukua hatua gani kumtafuta?"

"Nilidaka mkoba wake sokoni."

"Uko tayari kuanza lini?"

"Hata leo."

"Utamlisha nini?" dada akadakia. "Ile sauti inayoshibisha?"

Binti akazima kishikwambi, akakitia kwenye mkoba wa mkanda ulioshonwa.

"Basi mzunguko ujao atakuja mwenzangu," akasema. "Ofisi hainiruhusu kumhoji mume wangu."